Kolestro yangu imetoka wapi wakati nyama naila Idi kwa Idi?

Wasomaji wangu habari za mwezi mzima. Safari hii presha na vidonda vya tumbo nimeviweka pembeni kwanza, maana kapu la maswali limejaa ini tupu: kolestro, nyongo, dawa za kusafisha ini, basi. Nimechagua saba, nimeyafupisha, majina nimeyaacha. Mkiona LDL, ni vile vifurushi vinavyobeba kolestro kwenye damu, na namba zake ni milimoli kwa lita. Na kama kawaida niwakumbushe, mimi ni mtu wa maabara, naelewa kinachoendelea ndani ya seli na ndani ya kichupa cha damu, dawa anakuandikia daktari aliyekuona kwa macho yake.

Habari mtaalam. Naishi Morogoro, nina miaka 41, kilo 59, kila siku naendesha baiskeli kwenda shamba na kurudi. Chakula changu ugali, mchicha, dagaa, nyama naila Idi kwa Idi. Juzi tulipimwa bure mtaani LDL ikatoka 6.8, nikarudia hospitali ikatoka 6.7. Nesi akanambia punguza chipsi na kitimoto. Mimi Muislamu jamani! Kaka yangu mkubwa alianguka shambani akafa ana miaka 43, tukasema ni mikono ya watu. Hii kolestro inatoka wapi?

Pole sana ndugu yangu, kwanza kwa msiba wa mkubwa wako, pili kwa kusingiziwa kitimoto. Nisikilize vizuri maana jibu lako ndo refu kuliko yote leo na wenzako wa chini huku watalitegemea.

Hiyo kolestro imetoka mwilini mwako mwenyewe, sahani yako haina kesi. Mwili unaihitaji hii kitu, kuta za seli zote zimechanganywa nayo, homoni za uzazi zinatengenezwa kutokana nayo, vitamini D inaanzia humohumo, nyongo ndo usiseme, kwa hiyo mwili haukuuachia mdomo kazi ya kuileta, unaipika wenyewe karibu gramu moja kwa siku na ini ndo jiko kubwa. Mla nyama wa kawaida anaongezea kwa chakula kama robo au theluthi ya hiyo tu. Wewe usiyekula nyama, ini lako linajaza pengo na maisha yanaendelea.

Sasa ini linajuaje kwamba imetosha lizime jiko? Hapa watu wengi wanakosea, hata wenzangu wa maabara wapo, wanadhani ini linachungulia damu likiona kolestro nyingi linapunguza. Halichungulii kabisa. Ini linapima kolestro iliyomo ndani ya seli zake lenyewe, na kwa kipimo hicho hicho linawasha au linazima jeni. Iliyoko kwenye mshipa wako halina habari nayo mpaka iingie ndani.

Hili lilionekana kule Dallas, Texas, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Madaktari wawili vijana, Michael Brown na Joseph Goldstein, walikuwa wanahangaika na watoto ambao kolestro yao iko juu kupindukia, watoto wa kupata shambulio la moyo wakiwa bado wadogo. Wakachukua kipande kidogo cha ngozi ya watoto hao, seli zake wakazikuza kwenye vyombo vya maabara. Seli za mtu asiye na ugonjwa ukizimwagia LDL, baada ya masaa machache zinaacha kupika kolestro, zimeona imeletwa. Za wale watoto unazimwagia LDL zinaendelea kupika kama vile hazijaambiwa kitu. Sasa wakafanya ujanja mmoja mzuri sana, kolestro wakaiyeyusha kwenye spiriti kidogo ili ipenye yenyewe ndani ya seli bila kubebwa na LDL, na hapo hata seli za wale watoto zikazima jiko! Swichi ilikuwa nzima muda wote. Kilichokosekana ni mlango. Mwaka 1985 wakapewa Tuzo ya Nobel na mimi naona walistahili mara mbili.

Mlango wenyewe unaitwa kipokezi cha LDL, ni protini inayokaa juu ya seli, na kwenye ini ndo imejaa zaidi. Inaidaka LDL inayopita kwenye damu, inazama nayo ndani, inaitua, inarudi juu kudaka nyingine, safari moja ni kama dakika 10 hivi, na kipokezi kimoja kinapiga safari mia kadhaa kabla hakijachakaa.

Na swichi ikoje? Kuna protini inaitwa SREBP-2, imefungwa kwenye utando ndani ya seli kama mbuzi kwenye kigingi, na ina msindikizaji wake anaitwa SCAP ambaye kazi yake ni kuonja utando una kolestro kiasi gani. Ikizidi kama asilimia 5 ya mafuta ya utando ule, protini nyingine, INSIG, inamkamata SCAP na wote wanabaki palepale. Ikishuka chini ya hapo INSIG anaachia, SCAP anaisindikiza SREBP-2 mpaka upande mwingine wa seli ambako kuna mikasi miwili, unakata wa kwanza, unakata wa pili, kipande kinachochomoka kinaingia kwenye kiini cha seli, kinakaa juu ya DNA na kuwasha jeni. Kinawasha jeni za kupika kolestro na hapohapo kinawasha jeni ya kutengeneza vipokezi. Yaani ini likisikia njaa linabandika sufuria na linatuma watoto sokoni kwa wakati mmoja.

Turudi kwako sasa. Mtu akirithi jeni moja mbovu ya kipokezi, milango inakuwa nusu. LDL inazurura kwenye damu mwaka baada ya mwaka inaganda kwenye kuta za mishipa, na ini huku ndani halijui kama nje kumejaa, linaendelea kupika. Kolestro ya kurithi hiyo, ipo kwa mtu 1 kati ya 250 mpaka 300 duniani, kwa hiyo kwenye shule moja kubwa huwakosi watoto watatu wanne. Wale watoto wa Dallas walirithi mbovu mbili, ya baba na ya mama, hao ni wachache mno.

Kwa barua siwezi kukwambia ndiyo au hapana, ila LDL ikipita 4.9 kwa mtu mwembamba mwenye ndugu aliyekufa ghafla na miaka 43, daktari yeyote makini lazima awaze hilo kwanza. Shika mshipa mnene wa nyuma ya kisigino, ule wa kano unaoelekea kwenye shavu la mguu, ukikuta ni mnene kuliko wa watu au una vinundu, mwambie. Jicheki kwenye kioo kama kuna duara jeupe pembeni ya mboni nyeusi. Waombe wapime na homoni ya tezi ya shingo, maana tezi ikilala jeni ya kipokezi nayo inalala, LDL inapanda vilevile na dawa yake ni tofauti. Wapime na mkojo na figo. Alafu watoto wako, na watoto wa marehemu hasa: baba akiwa nayo kila mtoto ana nusu kwa nusu. Wapimeni hata kama wanakimbia mpira kutwa nzima. Kwa Dar mnaweza kupewa rufaa mpaka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Ya mikono ya watu sitii neno, msiba ni wenu. Ila damu ya aina hii haionekani kwa macho, nimeshika vichupa vya namna hiyo: ukizungusha kwenye mashine maji ya juu yanatoka safi, ya njano, yanang'aa kabisa, huwezi kushuku kitu. Inayotoka nyeupe kama tui ni trigliseridi, hayo ni mafuta mengine.

Salaam aleikum mtaalam. Mimi niko Mombasa. Daktari alinipa atorvastatin, miezi mitatu LDL ikashuka kutoka 4.6 hadi 2.5. Nikajua nimepona nikaacha, sahii imerudi 4.5. Na jirani yangu aniambia hizi dawa zaharibu ini. Ni kweli?

Waaleikum salaam dada. Hukupona, ulikuwa unalidanganya ini na ulipoacha kulidanganya likarudi kwenye hesabu zake za zamani. Sikulaumu, kuna siku na mimi nilieleza hii dawa kwa mzee mmoja nikasema "inayeyusha mafuta", akanijibu basi yakishayeyuka si nimemaliza? Nikanyamaza. Kosa lilikuwa langu.

Haiyeyushi chochote. Inaziba kimeng'enya kimoja kinachosimamia upishi wa kolestro kwenye ini. Seli inaishiwa kidogo, SCAP anaonja anakuta chini ya kiwango, ile SREBP-2 inakatwa, inaingia kwenye kiini, inawasha jeni ya vipokezi, milango inaongezeka, LDL inavutwa kutoka kwenye damu. Sehemu kubwa ya faida unaipata kwenye hiyo milango. Dawa yenyewe imefunga jiko tu, ini ndo limekwenda kufagia damu yako kwa sababu lilisikia njaa ya kutengenezewa. Ukiacha kidonge njaa inaisha, milango inapungua, unaona 4.5.

Aliyeianzisha safari hii ni Mjapani, Akira Endo, alipima kuvu zaidi ya 6,000 moja moja akitafuta itakayofunga jiko, na mwaka 1973 akaipata kwenye kuvu ya kibluu-kijani, jamaa wa karibu wa hizi zinazoota kwenye machungwa yaliyooza. Mwaka 1987 statini ya kwanza, yaani dawa ya ukoo mmoja na hiyo atorvastatin yako, ikaruhusiwa Marekani.

Sasa kuna jambo linaudhi. SREBP-2 ikiwasha jeni ya kipokezi inawasha na jeni nyingine, PCSK9, na hiyo inatoa protini ya kwenda kukishika kipokezi na kukipeleka kikavunjwe badala ya kurudi juu. Gari ina mafuta na breki kwa mguu mmoja. Ndo maana daktari akikuongezea dozi mara mbili hutegemei LDL ishuke mara mbili, unapata asilimia 6 hivi ya ziada, na ndo maana wengine wanaongezewa dawa ya aina nyingine badala ya kujaziwa hiyohiyo.

Kuhusu kuharibu ini, kwa watu wachache vipimo vya ini vinapanda kidogo na kushuka vyenyewe, madhara makubwa ni nadra sana. Misuli ndo uiangalie zaidi, ikiuma mwili mzima na mkojo ukawa kama kokakola nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukishika mimba mwambie daktari mapema. Na balungi lisiwe la kila siku, linazuia kimeng'enya kinachoivunja atorvastatin, dawa inajaa mwilini kuliko ulivyopangiwa.

Mtaalam, si haya mambo ya kolestro ni ya wazungu? Babu zetu walikunywa maziwa na damu na hawakuumwa moyo. Msomaji, Mwanza.

Wewe nakupenda bure. Lakini moja ya habari kubwa kabisa za kolestro imetoka kwenye damu ya watu weusi, kaa nikuhadithie.

Ile PCSK9 ya dada wa Mombasa, mwaka 2003 watafiti Ufaransa walikuta familia ambazo jeni hiyo imezidisha kazi, vipokezi vinavunjwa ovyo, LDL iko juu. Huko Dallas kwenyewe Helen Hobbs na Jonathan Cohen wakajiuliza kinyume chake, je akitokea mtu jeni yake imekufa? Wakawatafuta kwa watu wenye LDL ndogo, na mwaka 2005 wakatoa majibu: kama 2 katika kila Wamarekani weusi 100 wana PCSK9 moja iliyokatika. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba watu weusi wa namna hiyo, waliofuatiliwa miaka 15, LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Hebu isome tena hiyo. Asilimia 28 tu ya LDL, lakini wameanza nayo tangu tumboni mwa mama, na moyo umesalimika namna hiyo.

Alafu Zimbabwe, mwaka 2007, akapatikana mwanamke mdogo tu wa miaka 21 aliyerithi mbovu zote mbili. LDL yake 0.4! Ukileta namba hiyo maabara yetu tungedhani mashine imeharibika tukarudia kipimo. Mzima wa afya. Kutokana na watu kama hao zikatengenezwa sindano za kuizuia PCSK9, evolocumab na alirocumab zikaruhusiwa 2015, na baadaye ikaja inclisiran ambayo inaifuata jeni hiyohiyo ndani ya ini na kuharibu nakala ya maelekezo yake kabla protini haijatengenezwa, sindano mbili za mwanzo zikiachana miezi mitatu na baada ya hapo moja kila miezi sita. Bei yake kwa mtu wa kawaida huku kwetu tusidanganyane, bado ni ndoto. Kwa hiyo jeni ya kupunguza tunayo, ya kupandisha tunayo, na babu zetu wengi hawakupimwa wala hawakuandikiwa sababu ya kifo.

Shikamoo mtaalam. Nimetolewa mfuko wa nyongo Unguja mwaka jana, ulikuwa na mawe. Sasa nyongo yangu inakaa wapi? Na tumbo linaniendesha nikila vya mafuta. Nasikia nile maharage kwa wingi, kweli?

Marahaba mwanangu. Umewahi kuchinja kuku? Kila aliyechinja anajua ile hofu, unalishika ini, unakatia ile kifuko ya kijani mbali kabisa na unamkata mtu jicho asikusukume mkono, ikipasuka tu ini lote chungu na mchuzi umeutumbukiza nyongo. Sasa ile kifuko ni stoo tu. Nyongo inatengenezwa na ini lenyewe, na ini unalo. Zamani ilikuwa inakusanywa ikisubiri ule, sasa inachuruzika moja kwa moja utumboni mchana na usiku, na nyingine inafika utumbo mpana ikiwa nyingi kuliko kawaida, inauchokoza, ndo unakimbia chooni. Wengi inatulia baada ya muda, kwako mwaka umepita na bado, basi mwambie daktari, kuna unga wa kunywa unaoishika hiyo nyongo ukatulia.

Raha ya nyongo ni hesabu zake. Asidi za nyongo zinatengenezwa kutokana na kolestro, na jeni inayoanzisha kazi hiyo inaitwa CYP7A1, inafanya kazi kwenye ini tu, popote pengine imelala. Mwilini mwote una gramu 2 mpaka 4 tu za asidi hizo, kijiko cha chai hakijai, lakini zinazunguka: ini, utumbo, zikifika mwisho wa utumbo mwembamba asilimia 95 zinanyonywa na kurudishwa kwenye ini, zinatumwa tena, mara 6 mpaka 10 kwa siku. Kinachopotea chooni ni kama nusu gramu, na ini linafidia kiasi hichohicho kwa kubadilisha kolestro.

Linajuaje kiasi? Jeni tena. Ndani ya seli za ini kuna protini inaitwa FXR, watu waliijua tangu 1995 bila kujua kazi yake, mpaka 1999 makundi matatu ya watafiti kwa mpigo yakaonyesha kwamba inashikwa na asidi za nyongo. Zikirudi nyingi FXR inaamka, inawasha jeni ya pampu ya kuzitoa nje na kwa njia ya mzunguko inaizima CYP7A1. Na haiko kwenye ini peke yake, iko pia kwenye utumbo kule mwisho, nyongo ikinyonywa pale inawasha homoni ya FGF19 inayopanda na damu mpaka kwenye ini na ujumbe mfupi: huku imefika, acheni kutengeneza. Utumbo unalipigia ini simu! Mimi nimesoma hii kitu miaka mingi iliyopita na bado inanifurahisha.

Sasa maharage. Maharage, dengu, shayiri, bamia, vyote vina nyuzinyuzi zinazoyeyuka na kuwa kama utelezi, zinazishika asidi za nyongo zisinyonywe, zinatoka nazo. Simu ya utumbo inanyamaza, FXR inapoa, CYP7A1 inawashwa, ini linachukua kolestro yake kutengenezea nyongo mpya, kolestro ndani ya seli inapungua, SCAP anaonja, na mengine umeshayasoma juu huko: vipokezi vinaongezeka, LDL inashuka. Usitegemee muujiza, ni asilimia 5 mpaka 10 hivi kwa gramu 3 za utelezi wa shayiri kila siku. Maharage anza kidogokidogo maana na tumbo lako hilo yatakuadhiri mbele ya wakwe.

Naomba msaada wa haraka. Mimba yangu wiki ya 33, usiku nawashwa viganja na nyayo mpaka nalia, vipele hakuna. Mama mkwe anasema ni nywele za mtoto. Nipake nini?

Dada usipake kitu, nenda kliniki leo na hili gazeti mkononi ikibidi. Muwasho wa viganja na nyayo bila vipele, unaozidi usiku, kwenye miezi ya mwisho, unaweza kuwa ni nyongo iliyokwama. Homoni za mimba zinaizuia ile pampu niliyoitaja ya kutoa asidi za nyongo kwenye ini, na kwa mwanamke aliyerithi jeni dhaifu ya pampu hiyo au ya pampu za jirani yake, asidi zinarudi nyuma na kuingia kwenye damu. Wewe zinakuwasha tu, hatari iko kwa mtoto: zikipita 100 kwenye kipimo uwezekano wa mtoto kufia tumboni unaongezeka, na madaktari huwa wanapanga azaliwe mapema. Omba kipimo cha asidi za nyongo, kama hapo hakipo basi vipimo vya ini, na uwaambie uchezaji wa mtoto ukoje. Mama mkwe mpe salamu zangu, nywele za mtoto haziwashi kiganja cha mama. Barua yako nimekujibu pia kwa simu siku ileile ilipofika, hapa nairudia kwa ajili ya wengine.

Mtaalam, nimekunywa mafuta ya zeituni na ndimu kusafisha ini, nikatoa mawe ya kijani zaidi ya 40, nina picha! Madaktari mbona hawatuambii?

Picha nimeiona nikiwa nakula, asante. Hayo ni sabuni. Mafuta ya zeituni yakikutana na vimeng'enya vya tumboni na ile ndimu na chumvi uliyolambishwa yanaganda vidonge laini vya kijani, wachunguzi walishawahi kuvipima vya mgonjwa mmoja aliyefanya kama wewe, kolestro hawakukuta wala hakuna kilichofanana na jiwe la nyongo, ni asidi za mafuta. Kimoja ukikiweka juani kinayeyuka, jiwe la kweli haliyeyuki juani. Na kama una mawe ya kweli, bilauri ya mafuta inaufanya mfuko wa nyongo ujikamue kwa nguvu, jiwe likikwama njiani utapiga kelele mtaa mzima usikie. Pesa ya hiyo dawa kapige ultrasaundi.

Mzee wangu wa Pemba ana LDL 4.2, ameambiwa aache nazi na mayai. Nazi Pemba anaiachaje?

Mayai yana kesi ndogo kuliko watu wanavyodhani, kiini cha yai moja kina kolestro miligramu 200 hivi na ini kwa watu wengi linapunguza upishi wake kufidia. Moja kwa siku kwa mzee ambaye hana sukari wala ugonjwa wa moyo mimi nisingegombana nalo. Nazi ndo niungane na daktari, ingawa nazi yenyewe haina kolestro hata chembe. Mafuta yake karibu yote ni yale yanayoganda, na mafuta ya namna hiyo yanapunguza kazi ya vipokezi vya LDL kwenye ini, samli vilevile, mawese nusu kwa nusu. Asiachishwe ghafla atawachukia. Tui zito libaki la sikukuu na wageni, siku za kawaida mchuzi uungwe na tui jepesi la maji ya pili, mchicha na samaki wa kuchoma bila nazi, alafu apimwe baada ya miezi mitatu tuone ini lake linasemaje. Nitumie hayo majibu.